Mkaratusi Nilioutia Sahihi

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kwa zamu, mmoja kazini, mwingine kanisani, mwingine kwenye foleni ya mafuta ya taa: ilikuwaje huko Usukumani mpaka umerudi umekonda na umekuwa mkali hivyo? Nimechoka kujibu vipande vipande. Nawaandikia yote mara moja, halafu msiniulize tena. Habari za ruhusa, tiketi na mihuri naziruka, kwa sababu nikianza nazo nitapandwa na hasira kabla hata sijafika stesheni.

Barua

Kazi yangu mnaijua, ingawa mnaicheka. Nakaa katika chumba cha majani makavu hapa Morogoro. Watu wa misitu wakitaka kujua jina la mti, hukata tawi, hulilaza ndani ya gazeti, hulituma kwangu. Mimi nalitazama, naandika jina kwenye karatasi, natia sahihi, nagonga muhuri.

Mwezi wa tano lilikuja tawi kutoka Bariadi. Juu ya gazeti Bwana Misitu wa kule alikuwa ameandika: "Miti inayozunguka chemchemi." Nikafungua. Mkaratusi mtupu! Majani marefu yaliyopinda, yamekaa moja huku moja kule, yananuka dawa ya mafua, na vitunda vigumu mfano wa vikombe vidogo. Nilishangaa kidogo kwa nini wananiuliza mti uliopandwa kwenye kila shule ya nchi hii. Chai ilikuwa inakuja. Nikaandika, "Mkaratusi, mti wa kigeni, hupandwa," nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai.

Mwezi wa kumi na moja nikapata barua ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, jina lake Nkwimba. Naikumbuka karibu yote. "Ndugu Mtaalamu, karatasi yako imesomwa kwenye mkutano wa kijiji chetu. Umesema miti ya chemchemi yetu ni mikaratusi. Naomba uje unifundishe, maana wanafunzi wangu wanakula matunda ya mikaratusi hiyo. Ni meusi, yana maji, na yanapaka ulimi rangi. Bwana Misitu ametoa kibali ikatwe, kwa kuwa wewe umesema ni mikaratusi na mikaratusi inamaliza maji. Mfanyabiashara anayechoma matofali ya maghala ya pamba atakuja na misumeno Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu. Chemchemi tunayo hii moja. Ukichelewa, usije."

Niliisoma nimesimama. Tunda jeusi, lenye maji, linalopaka ulimi: hilo ni zambarau la porini. Mzambarau-pori na mkaratusi ni wa ukoo mmoja kabisa, hata maua yao ni yale yale ya nyuzinyuzi nyeupe, lakini mmoja ni wa kwetu tangu dunia iumbwe na mwingine uliletwa na meli. Mti wa asili ulio kwenye chanzo cha maji haukatwi. Mkaratusi wa kupandwa unakatwa hata kesho, na watu watakushukuru.

Basi mtu alikuwa amebadilisha tawi. Nilimjua hapo hapo bila kumwona: yule mchoma matofali. Enzi hizi za ruksa kila mwenye lori ni mfanyabiashara, na kila mfanyabiashara anataka kuni. Nilipeleka telegramu Bariadi: SIMAMISHENI KUKATA MITI CHEMCHEMI NAKUJA. Haikujibiwa. Jumanne nikapanda treni, nina siku sita, na mtu wa kumchukia tayari ninaye.

Morogoro hadi Tabora

Nilibeba mfuko wa nguo na ule ubao wangu wa kukandamizia majani, yaani mbao mbili zilizofungwa kwa mikanda, katikati magazeti. Kufika behewani nikakuta mama mmoja mnene wa Tabora, muuza mitumba, amejaza robota zake mpaka kwenye nafasi yangu. Aliupokea ubao kwa mikono miwili, akauweka chini, akaukalia.

"Mama, hicho si kiti."

"Ni nini, baba?"

"Ni mbao za kukandamizia majani ya miti."

"Ili iweje?"

"Yakauke."

"Kwani yenyewe hayakauki?"

Behewa zima lilicheka. Nilitaka kumjibu kisomi, nikakosa pa kuanzia, nikanuna mpaka Dodoma. Hapo alinipa paja la kuku bila kuniuliza, nikalila bila kumshukuru, na hilo mpaka leo linaniudhi.

Mbele ya Dodoma treni ilisimama. Hakuna stesheni, hakuna kijiji. Tulikaa saa tisa. Kila aliyepita na kofia ya kazi tulimwuliza, na kila mmoja alisema, "Tunaondoka sasa hivi." Wagogo walitokea porini na madebe ya asali na mayai ya kuchemsha, wakauza, wakamaliza, wakaenda kwao, wakarudi na mengine. Mimi nilikuwa nahesabu siku kwenye vidole. Mama wa mitumba aliniangalia akasema, "Wewe una mgonjwa?"

Nikamwambia nina miti.

"Pole," akasema. Hakucheka safari hiyo.

Tabora hadi Malampaka

Tabora mabehewa ya Mwanza hukatwa, yangoje kichwa kingine cha treni. Tulingoja Alhamisi yote. Niliwagombeza watu wawili ambao hawakuhusika na treni kwa vyovyote, mmoja wao alikuwa padri.

Nilishuka Malampaka Ijumaa alfajiri nikiwa na njaa ya kuumiza. Mama ntilie wa pale stesheni ana wali mweupe unaochambuka, wa mpunga wa kule kule, na furu, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa mpaka wanavunjika mdomoni. Nilikula sahani mbili. Nikamwuliza Bariadi naendaje. Akanionyesha lori la pamba na dereva wake, kijana mmoja aitwaye Shija, akasema, "Huyu anakwenda Bariadi moja kwa moja."

Moja kwa moja! Laiti ningelijua Wasukuma wa malori wanalielewaje hilo neno.

Malampaka hadi Maswa, kwa kupitia Shishiyu

Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, na mkulima alingoja mpaka achoke. Sasa wanunuzi wamekuwa wengi, kila mmoja na mzani wake na lori lake, na mwisho huu wa msimu walikuwa wanafukuzana kugombea magunia ya mwisho. Hatujatembea hata nusu saa, mtu mwenye baiskeli akamsimamisha Shija, akamwambia Shishiyu kuna pamba imebaki na wanunuzi wengine wako njiani. Shija akakata usukani.

"Ulisema Bariadi!" nikapiga kelele kutoka juu ya magunia.

"Si ndiyo Bariadi, mzee! Tunapitia Shishiyu tu."

Tulikaa Shishiyu mpaka saa kumi alasiri. Pamba ilipimwa, ikabishaniwa, ikapimwa tena kwenye mzani mwingine. Na huko ndiko nilikofanywa mganga.

Ilikuwa hivi. Mzee mmoja aliona ubao wangu, akaona majani makavu yaliyobaki ndani tangu safari nyingine, akasogea kwa adabu, akakunja magoti kidogo. "Mwadila, baba," akanisalimu. Salamu ya Kisukuma haina haraka. Unaulizwa habari za mchana, za ulikotoka, za nyumbani, za ng'ombe, na kila moja unaijibu "mhola", salama. Nilijibu mhola ya ng'ombe ambao sina. Alipomaliza akanionyesha goti lake limevimba.

"Mimi si mganga," nikasema.

Akatikisa kichwa akitabasamu. "Ndiyo, baba. Hata yule mganga wa Nassa alisema hivyo hivyo."

Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini, kwa sababu, kama alivyonieleza Shija baadaye, mganga mwongo hujitangaza na mganga wa kweli hujificha. Mpaka tunaondoka nilikuwa nimetazama goti, jino, na macho ya mbuzi. Nikawaambia waende zahanati. Walinishukuru sana, "Wabeja, wabeja," wakanipa kikapu cha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikakaushwa juani. Nilivitafuna njia nzima kwa hasira. Ni vitamu, na vinataka meno.

Maswa hadi Bariadi

Jumamosi asubuhi tulitoka Maswa, mvua ikiwa imenyesha. Asiyeujua udongo wa mbuga wa kule nitamweleza: ukikauka ni jiwe, ukilowa ni ugali. Lori lilizama mpaka ekseli. Shija alishuka, akatazama, akapanda tena, akalala. Watu wa mji wa jirani, na kule mji ni kaya moja, walikuja kutazama, wakatuletea matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na maziwa ya mgando, wakatusalimu mmoja mmoja, wote, kwa utaratibu wao, huku mimi nikisimama kwenye matope nikiwaza misumeno ya Jumatatu. Baadaye walileta ng'ombe wanane, wakawafunga mbele ya lori, wakatutoa kwa nyimbo. Hawakutaka chochote. Nilitamani niwe mtu wa kufurahi, lakini sikuweza.

Bariadi nilifika saa tisa, ofisi zimefungwa. Nikauliza nyumbani kwa Bwana Misitu. Nilimkuta uani kwake, ananyoa ndevu mbele ya kioo kilichotundikwa ukutani. Ni mtu mpole, msafi, na upole wake ulinichoma zaidi ya matusi.

"Telegramu yako niliipata," akasema.

"Kwa nini hukusimamisha?"

"Telegramu haina sahihi, mzee wangu. Ile karatasi yako ya kwanza ina sahihi na muhuri. Ninyi wenyewe mmetufundisha hivyo."

"Tawi lilibadilishwa! Ile ni mizambarau!"

"Umeiona?"

"Bado."

"Na mimi sijaiona," akasema akipangusa kidevu. "Gari la ofisi limebaki na magurudumu mawili. Kibali kilipoombwa, niliwaandikia kijiji waniletee tawi, wakaniletea. Nikaona mkaratusi, lakini kwa kuwa walikuwa wameandika kwamba ni miti yao ya asili, nikasema nisiamue peke yangu, nimpelekee mtaalamu. Mtaalamu akasema mkaratusi." Alinitazama. "Niletee tawi lililovunjwa kwenye mti wenyewe, lina majani na matunda pamoja. Si la kuokota chini, maana la kuokota linaweza kutoka popote. Hata kesho Jumapili nipo. Nitafuta kibali hapo hapo."

Niliondoka pale na hasira zaidi ya niliyofika nayo.

Bariadi hadi chemchemi

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nilikaa nyuma ya baiskeli ya kukodi, ubao mgongoni, mwendo wa saa tatu katikati ya mashamba ya pamba yaliyong'olewa na majaruba ya mpunga. Mwalimu Nkwimba alikuwa mlangoni kwake anafunga kitambaa cha kwenda kanisani. Mwanamke mwembamba, wa miaka arobaini hivi, macho makavu.

"Wewe ndiye wa ile karatasi?"

"Ndiye mimi."

"Umechelewa kuona haya," akasema, kisha akanikaribisha ndani, akanipa chai ya maziwa na ugali wa mtama uliobaki jana, akanisimamia mpaka nikamaliza. Ndivyo walivyo. Watakutukana, lakini si ukiwa na njaa.

Alimwita mwenyekiti wa kitongoji, jina lake Maduhu, atupeleke. Maduhu ni mkulima wa pamba, mfupi, mchangamfu, na kila mtu kijijini alinihakikishia kwamba hajawahi kumdhulumu mtu hata punje. Alikuja na mkewe Kabula, aliyekuwa na ndoo kichwani, anakwenda kuteka. Njiani nilimwaga yote niliyokuwa nayo juu ya mchoma matofali: mwizi, mlaghai, ameniletea tawi la uongo. Maduhu, ambaye alikuwa ameanza safari kwa maneno mengi, alipungua, akapungua, mpaka akawa haongei kabisa.

Tukafika. Ni miti kumi na minne, mikubwa, imeinamia kidimbwi cha maji baridi, safi, yanayotoka chini ya jiwe. Sikuhitaji hata dakika moja. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana. Ukiinua jani kwenye mwanga unaona mshipa mwembamba umezunguka ukingo wake wote. Nikaokota moja, nikalifikicha: harufu ndogo, ya kijani, siyo ile ya dawa. Na ardhi yote chini ilikuwa ya zambarau, matunda yamekanyagwa, nyuki wamejaa. Mizambarau-pori! Nilicheka peke yangu kwa mara ya kwanza tangu Morogoro. Nikainua mkono nishike tawi lenye matunda.

"Acha!"

Alikuwa Nkwimba. Wanawake waliokuwa wanateka waliweka ndoo chini wote pamoja.

"Tawi la hapa halivunjwi," akasema. "Anayevunja hateki tena hapa, yeye na mji wake wote. Ndivyo ilivyo tangu mababu, na sisi wa kanisani tunaishika vile vile."

"Mimi si wa hapa. Sitateka hapa maisha yangu yote. Niacheni nivunje."

"Mgeni akivunja," Nkwimba akasema taratibu, "unaohesabiwa ni mji uliomlisha."

Nikakumbuka ugali wa asubuhi. Nikakumbuka watoto wake wanne waliokuwa wamekaa mlangoni wakinitazama nikila. Nikauliza kwa ukali, huku nikijua nilichokuwa naanza kukiona: "Kama tawi halivunjwi, basi lile mlilopeleka ofisini lilivunjwa wapi?"

Maduhu akavua kofia.

"Zahanati," akasema. "Uani kwa zahanati."

"Nani alilivunja?"

"Mimi."

Nilimtazama. Nilikuwa nimebeba chuki kutoka Morogoro, nimeilisha njiani kila siku, na sasa mwenye nayo alikuwa huyu.

"Barua ilisema tawi moja lenye majani," akasema. "Ningevunja la hapa? Mimi, mwenyekiti? Nikaona ni mambo ya ofisi, ofisi inataka tu kitu cha kuweka kwenye faili ionekane kijiji kimejibu. Mikaratusi ya zahanati haina mwenyewe, na jani lake halinyauki hata ukiliendesha kwa baiskeli siku nzima. Nikavunja pale. Sikujua tawi lenyewe ndilo litakaloulizwa."

"Na karatasi yangu iliposomwa mkutanoni?"

"Niliona haya. Nikisema nimedanganya serikali, nafungwa. Nikinyamaza, labda Mungu atafanya." Alimtazama Nkwimba. "Barua ya mwalimu niliipeleka posta mimi. Usiku ule ule ameiandika, asubuhi nikaondoka nayo."

Nilimfokea. Siwafichi, nilimfokea mbele ya mke wake na majirani zake. Nilimwambia heshima yake imeiua miti ambayo alikuwa anaiheshimu, kwamba angenitumia hata jani moja la kuokota ningelijua, kwamba mtu mzima hawezi kuidanganya ofisi kwa adabu. Alisimama akanisikiliza mpaka nilipoishiwa. Na nilipoishiwa ndipo nikajua kwamba nusu ya maneno yale nilikuwa najiambia mwenyewe. Yeye alilinda mti akatuma tawi lisilo lake. Mimi sikulinda chochote, nilikuwa nataka chai.

Maduhu akamgeukia mkewe. Akatazama tawi, akamtazama tena.

Kabula alikuwa bado na ndoo tupu mkononi. "Unaniangalia nini?" akasema. "Wewe utavunja mara moja. Mimi ndiye nitakayetembea kila siku." Akatazama miti, akatazama wale wanawake wenzake, mmoja mmoja. "Mtoni ni mbali, Maduhu. Unapajua ni mbali."

"Napajua."

"Basi vunja. Nikisikia misumeno kesho sitakuja kukusamehe."

Akavunja. Tawi moja, majani mawili mawili, matunda yamening'inia kichala. Lilitoa sauti ndogo. Wanawake wakageuza nyuso. Kabula akageuza ndoo yake juu chini, akaiweka kichwani tupu, akashika njia ya nyumbani bila kuteka.

Chemchemi hadi Bariadi, na kurudi

Niliweka lile tawi kwenye ubao, nikakaza mikanda kwa nguvu zangu zote. Maduhu alinipakia kwenye baiskeli yake. Alikanyaga saa tatu nzima, na kwenye kilima kimoja nilipomwambia nishuke, akasema, "Kaa, mzee, wewe si mzito."

Bwana Misitu alilitazama tawi uani kwake, akahesabu majani kwa kidole, akapasua tunda moja, akalinusa. "Mzambarau," akasema. Kisha akamtazama Maduhu. "Lakini hata la kwanza lilitoka mkononi mwako, mwenyekiti. Nitajuaje safari hii ni kweli?"

Maduhu akamweleza yote.

"Andika," akasema Bwana Misitu.

Nilishuhudia mtu mwaminifu kuliko wote kijijini kwake akiandika kwa mkono wake, kwenye karatasi ya serikali, kwamba yeye, mwenyekiti, aliidanganya ofisi ya wilaya kwa kupeleka tawi la uongo. Alikosea mahali, Bwana Misitu akamwambia arudie kwenye karatasi safi. Akarudia. Akatia sahihi.

"Na mimi niandike nini?" nikauliza.

"Wewe?" Bwana Misitu alishangaa kweli. "Wewe hukukosea, mzee wangu. Ulioletewa ulikuwa mkaratusi, ukasema mkaratusi. Faili lako ni safi."

Nawaambieni, katika safari yote ile hakuna aliyenitukana kama alivyonitukana yule mtu mpole. Nilitaka kupindua meza. Badala yake nilipokea barua ya kufuta kibali, ina sahihi na muhuri, nikasema asante.

Jumatatu saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye chemchemi, Maduhu na mimi, nguo zimeganda vumbi na jasho. Lori la mchoma matofali likaja na vijana watano na misumeno miwili ya injini. Akashuka mtu wa makamo, amevaa kandambili na shati la mitumba lililopauka. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Dodoma. Nikampa barua. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Haya," akasema. "Niliambiwa mikaratusi. Zambarau hata mimi nimezila utotoni, nisingeikata." Akawaambia vijana wapakie misumeno. Kisha akaniuliza kama naelekea Maswa, maana yeye anapita huko, na mbele kuna nafasi.

Basi ndivyo nilivyoondoka: kwenye lori la mwizi wangu, nimekaa karibu naye, nakula karanga zake. Nkwimba alikuja barabarani kuniaga. Alinipa mkono, akasema, "Umekuja. Wengine hawaji." Maduhu alisimama nyuma yake, akainua kofia.

Tulipokwenda kama nusu saa tukaona mwanamke anakuja upande wetu, ndoo imejaa kichwani, khanga imelowa mabegani. Nilimjua kabla hatujafika. Nikamwomba mwenye lori asimame.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kutoka dirishani.

"Mwangaluka, baba. Miti?"

"Imesimama. Kibali kimefutwa."

Kabula alifunga macho kidogo, maji yakitetemeka kwenye ukingo wa ndoo. "Wabeja," akasema.

Mchoma matofali akainama kunipita, akamwambia apande, tutageuza lori tumrudishe kwake na maji yake.

"Hapana, baba. Leo mtanibeba, na kesho je?" Akasogeza ndoo kwa mkono mmoja. "Acheni niizoee njia."

Akapita, akaendelea kutembea. Mwenye lori alimtazama kwenye kioo cha pembeni mpaka akapinda kona, kisha akaniuliza yule ni nani, na kwa nini anateka maji mbali hivyo wakati chemchemi iko pale pale kijijini kwao. Nilifungua mdomo nimweleze. Badala yake nikageuza uso dirishani, nikalia mpaka Maswa.